Shajara ya mradi: kuondoa matangazo kwenye skrini ya jikoni

Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye tatizo kama langu asirudie makosa yangu. Bei zote ni za Dar es Salaam, mwaka 2025. Kazi nimeifanya zaidi siku za mapumziko.

Jumamosi, 3 Mei 2025. Tatizo lenyewe

Jikoni kwetu Tabata kuna skrini janja ya inchi nane, ile ya kusemeshwa kwa sauti. Mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, alituletea alipokuja likizo. Imesajiliwa kwa akaunti yake, na picha za familia anazoweka huko aliko ndizo zinazopita hapa. Mtumiaji mkubwa ni mama. Anatazama picha, anatazama hali ya hewa, na kila mwisho wa wiki mdogo wangu anampigia simu ya video humo humo.

Zamani ilikuwa ni hayo tu. Tangu mwaka huu uanze, katikati ya picha yanaingia matangazo yanayojaza skrini nzima: mashine za kukatia majani, vyakula vya paka, bei kwa pauni, kutoka duka lisiloleta mzigo Tabata.

Wiki iliyopita ilipita picha ya marehemu baba siku ya harusi yangu, amevaa kanzu na koti. Nyuma yake likaja godoro la punguzo. Mama akaniuliza godoro hilo linafika lini. Kumbe muda wote alikuwa anaamini kila kinachotokea kwenye skrini kimetumwa na mwanawe, kwa sababu picha zinatoka kwake. Alishamwambia mara mbili kwenye simu aache kupoteza hela kwa vitu vya ndani, na mdogo wangu hakuelewa anaambiwa nini. Hapo ndipo nilipoamua kulishughulikia jambo hili mpaka mwisho.

Leo nimekaa na daftari saa nzima. Skrini imebadilika mara 44, na kati ya hizo 11 yalikuwa matangazo. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia.

Masharti niliyojiwekea: simu ya video ya mama kwenye skrini isiguswe, intaneti ya wengine nyumbani isivurugike, na gharama isizidi Sh 150,000.

Jumamosi, 10 Mei. Mipangilio ya skrini yenyewe

Nimepita kila ukurasa wa mipangilio na kuzima kila kilichozimika: mapendekezo, mapishi, habari, ununuzi, vidokezo. Swichi 14 kwa jumla. Saa moja ya daftari: matangazo 6. Mapendekezo ya skrini yenyewe yamepungua, lakini yale ya kulipiwa hayana swichi popote.

Piga picha kila ukurasa wa mipangilio ukishamaliza. Nimeongeza mstari huu tarehe 25 Mei: skrini ilijisasisha usiku, na swichi tatu nilizozima zikarudi kuwashwa. Bila picha nisingejua ni zipi.

Jumapili, 18 Mei. Pi-hole

Wengi hushauri njia hii, nami nimeanza nayo. Kila kifaa, kabla ya kufungua chochote kwenye intaneti, huuliza kwanza: jina hili anwani yake ni ipi? Anayejibu swali hilo ni seva ya DNS. Pi-hole ni programu ya bure inayokaa nyumbani kwako na kujibu badala yake. Jina likiwa kwenye orodha ya watangazaji, linajibiwa 0.0.0.0, yaani hakuna mlango hapo.

Nimenunua Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya kibao kimoja) iliyotumika, Sh 95,000 pamoja na adapta. Kusakinisha ni nusu saa, lakini mimi nimepoteza siku mbili kwa makosa mawili.

Kosa la kwanza ni memori kadi. Nilinunua ya Sh 12,000 iliyoandikwa GB 64. Mfumo uliingia vizuri, ukawaka, kesho yake ukagoma. Nilipoipima kwa programu ya f3 nikakuta ukubwa wake halisi ni GB 8; kilichozidi hapo kilikuwa kinaandikwa hewani. Nimenunua nyingine ya Sh 28,000 na kuipima kabla ya kutoka dukani. Muuzaji mkweli hatakuzuia kupima.

Kosa la pili ni kufuata maelekezo ya zamani. Pi-hole toleo la 6 lilitoka Februari 2025 na limebadilisha mambo mengi. Maelezo mengi utakayoyakuta bado ni ya toleo la 5. Amri ya kuweka nenosiri sasa ni `pihole setpassword`, na mipangilio yote imehamia kwenye faili moja, `/etc/pihole/pihole.toml`. Nilihangaika saa nzima na amri isiyokuwepo tena.

Orodha nilizoweka ni ile inayokuja nayo ya StevenBlack na ya HaGeZi. Skrini ya jikoni nimeiweka kwenye kundi lake peke yake ndani ya Pi-hole, ili majaribio yangu yasimguse mtu mwingine. Hilo fanya tangu siku ya kwanza.

Jumamosi, 24 Mei. Skrini inazunguka pembeni

Wiki nzima matangazo yalibaki yale yale. Kwenye kumbukumbu za Pi-hole, simu zetu zilionekana zikiuliza maelfu ya maswali. Skrini ya jikoni ilionekana mara chache mno.

Sababu ya kwanza niliitengeneza mwenyewe. Kwenye ruta kuna nafasi mbili za DNS. Ya kwanza niliweka Pi-hole, ya pili nikaweka 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, nikidhani ni akiba ya siku ambayo Pi-hole itazimika. Vifaa havisubiri ya kwanza ife, vinatumia yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo nusu ya maswali yalikuwa yanatoka nje. Nafasi ya pili iache wazi, au weka Pi-hole nyingine.

Nilipotaka kuifuta, ruta ya kampuni ya intaneti ikakataa: nafasi tupu hairuhusiwi. Nikaona niachane na ugawaji anwani (DHCP) wa ruta, kazi hiyo ifanywe na Pi-hole. Nikazima DHCP ya ruta kabla ya kuwasha ya Pi-hole. Ndani ya dakika chache nyumba nzima haina mtandao, na mume wangu yuko katikati ya kikao cha kazi. Hata mimi sikuweza kuifikia Pi-hole, maana kompyuta yangu haikuwa na anwani. Dawa ni kuipa kompyuta anwani kwa mkono (kwangu 192.168.1.50), kuingia Pi-hole na kuwasha DHCP yake. Fuata mpangilio huu: kwanza andika anwani ya mkono kwenye karatasi, pili washa ya Pi-hole, tatu zima ya ruta. Na fanya usiku.

Baada ya hapo skrini ilianza kuonekana vizuri zaidi, lakini si yote. Sababu ya pili ni kwamba skrini imeandikiwa ndani yake iulize 8.8.8.8 moja kwa moja, haijali ruta inasema nini.

Jumapili, 1 Juni. Kuyakamata maswali njiani

Dawa ya kifaa kisichosikia ni ruta inayoweza kuyageuza maswali yake njiani. Nimenunua ruta iliyotumika, Sh 65,000, baada ya kuhakikisha modeli yake imo kwenye orodha ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Nimeweka toleo la 24.10 na kuiunga nyuma ya ruta ya kampuni. Kanuni niliyoandika ni kwamba swali lolote linaloelekea mlango namba 53, ambao maswali ya DNS hupitia, popote liendako, lipelekwe Pi-hole.

Intaneti ikafa pale pale. Iliniuma kwa saa tatu mpaka nikachora mchoro. Pi-hole nayo, isipojua jibu, huuliza seva ya nje kupitia mlango ule ule wa 53. Ruta ilikuwa inalikamata swali la Pi-hole na kulirudisha kwa Pi-hole, likizunguka bila mwisho. Nikaitoa anwani ya Pi-hole kwenye kanuni, na simu zetu zikapona. Skrini ya jikoni haikupona. Yenyewe imeuliza 8.8.8.8, lakini jibu linakuja kutoka 192.168.1.2, anwani ya Pi-hole, kwa sababu Pi-hole na skrini zimo kwenye mtandao mmoja na zinajibizana bila kupita tena kwenye ruta. Skrini inaona jibu kutoka kwa mtu isiyemuuliza, inalitupa.

Suluhisho lililotibu yote mawili ni kutengeneza Wi-Fi ya pili, nimeiita Jikoni, yenye anwani za 192.168.20, na kuhamishia skrini huko peke yake. Kanuni inakamata maswali ya mtandao wa Jikoni tu. Majibu sasa lazima yapite kwenye ruta, na ruta inayarudishia sura ya 8.8.8.8. Nimefunga pia mlango 853 ili skrini isiulize kwa njia fiche. Laini yangu haina IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti. Kama yako inayo, nayo iwekee kanuni.

Usiku huu kwa mara ya kwanza naona kila swali la skrini. Ikiwa imekaa tu, hakuna anayeigusa, imeuliza mara 1,900 kwa saa sita. Zaidi ya theluthi moja zimezuiwa. Nimelala nimeridhika.

Jumamosi, 7 Juni. Sikukuu ya Idi

Ingizo hili ni refu kwa sababu ndilo la muhimu kuliko yote.

Katikati ya wiki nilihesabu tena: matangazo 6 kwa saa. Yale yale 6. Kilichozuiwa ni watu wa nje wanaofuatilia nani ametazama nini. Hilo lina faida yake, ila mama haioni. Godoro lilikuwa bado linakuja.

Nikaanza kuyachambua majina ambayo skrini inayauliza sekunde chache kabla ya tangazo kutokea. Yalikuwa sita. Nikawa nafunga moja, nasubiri nusu saa, naandika. La kwanza lilipofungwa, hali ya hewa ilipotea, matangazo yakabaki. La pili, sauti ikawa haielewi lolote. La tatu halikuleta tofauti yoyote. La nne lilipofungwa, picha za familia na matangazo vilipotea pamoja, skrini ikabaki na saa kwenye rangi ya kijivu. La tano lilikuwa la masasisho. Ijumaa usiku nilifunga la sita, na matangazo yakaisha. Picha zikabaki, hali ya hewa ikabaki. Nilikaa mbele yake saa nzima na daftari, sifuri. Nikamwita mume wangu aje aone.

Leo Idi. Mdogo wangu alisema atapiga saa kumi jioni, kwao saa nane mchana, watoto wakisharudi. Mama alijiandaa tangu saa tisa. Alivaa baibui jipya, akajifunika mtandio ule aliotumiwa, akavuta kiti mbele ya skrini. Saa kumi ikapita. Kumi na nusu. Mimi niko uani na wageni, najua wanaongea. Saa kumi na moja mama akatoka akaniambia, "Mwache, labda amechoka." Nikatazama simu yangu: mdogo wangu amenipigia mara saba, ameandika kwamba skrini haiiti, anauliza kama mama ni mzima.

Jina la sita ndilo linalopitisha pia mwito wa simu. Sikuwa nimelijaribu kwa hilo. Niliangalia picha, nikaangalia hewa, sikupiga simu hata moja ya majaribio, ilhali simu ndiyo niliyoiandika sharti la kwanza. Nililifungua papo hapo na wakaongea saa kumi na mbili, watoto wameshatoka kwenda kwa wenzao. Mama hakulalamika. Mimi bado inaniuma.

Nilichojifunza kitaalamu ni hiki. Pi-hole huona jina la nyumba tu, haioni mzigo unaobebwa kutoka humo. Tangazo linapotoka nyumba nyingine, unaifunga nyumba hiyo na yamekwisha. Lakini hapa tangazo, picha ya baba na simu ya mdogo wangu wa tumbo moja vinatoka nyumba moja, kwa mlango mmoja, vimefungwa ndani ya HTTPS, njia fiche inayoficha yaliyomo. Hakuna orodha itakayovitenganisha, hata ukiongeza majina milioni. Kama nawe umefika hapa, usiendelee kuongeza orodha.

Jumamosi, 14 Juni. Njia za mkato, kwa kifupi

Wasifu wa mtoto: matangazo hakuna, lakini simu za akaunti ya mdogo wangu haziingii. Kubadilisha nchi ya akaunti: vifaa vyake vya Leicester navyo vingebadilika, nimekataa. Kuzima usiku kwa soketi ya muda: mama haangalii usiku.

Umeme ulikatika ghafla Jumatano, na memori kadi ya Pi-hole ikaharibika faili. Nimesakinisha upya kutoka kwenye nakala rudufu, dakika 20. Weka nakala.

Jumapili, 29 Juni. Skrini yetu wenyewe

Nimebadili swali. Badala ya kuulizana na kifaa ambacho mwenyewe wa kweli yuko mbali, niweke ukutani kifaa kinachoonyesha tunachokiweka sisi.

Kishikwambi kilichotumika cha inchi kumi, Kariakoo, Sh 130,000, cha aina tuliyozoea kuiona mikononi mwa makarani wa sensa ya 2022. Kinachoendesha ukurasa unaoonekana humo ni Home Assistant, programu ya bure ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Niliijaribu kwenye Raspberry Pi ile ile pamoja na Pi-hole. RAM ya GB 1 haikutosha, kila kitu kikawa kinakwama. Nimeihamishia kwenye kompyuta mpakato ya zamani iliyovunjika kioo, iliyokuwa kabatini, ndani ya Docker, kisanduku cha kuendeshea programu peke yake. Betri yake inasaidia umeme ukikatika.

Kwenye kishikwambi nimeweka Fully Kiosk Browser, toleo la bure, kufungua ukurasa huo muda wote. Hali ya hewa inatoka kwa taasisi ya Norway, Met.no, ambayo ndiyo chaguo la kawaida la Home Assistant. Nyakati za sala nazo zimo humo humo, unachagua tu njia ya kukokotoa. Picha zinaendeshwa na kiendelezi cha WallPanel. Kutoka Leicester zinafika kwa Syncthing: mdogo wangu anaweka picha kwenye folda moja ya simu yake, inatokea hapa bila kupita kwenye ghala la kampuni yoyote. Atumie Syncthing-Fork, maana programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024.

Picha zilileta kazi. Za simu za siku hizi ni kubwa, na kishikwambi kilijaza kumbukumbu na kuganda baada ya picha kama 30. Nyingine zilitokea zimelala ubavu. Sasa kila picha inayofika inapitishwa kwenye ImageMagick, programu ya kurekebisha picha, inasimamishwa wima na kupunguzwa hadi upana wa pikseli 1280.

Kisha saa. Ile skrini ya zamani ilikuwa inaandika 14:20, na mama alikuwa anatoa sita kichwani kila mara. Hapa nimeandika kanuni: toa saa sita, gawanya kwa 12, chukua kinachobaki. Jioni yake ikaandika "saa 0:15 jioni", kwa sababu saa kumi na mbili hubakiza sifuri. Nimeongeza kwamba sifuri isomwe 12. Nimeandika pia alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku kwa mipaka ya hapa kwetu. Mama alisimama mbele yake akaisoma kwa sauti: "Saa tatu na robo asubuhi." Katika mradi wote hakuna mstari nilioufurahia kama huo.

Jumatatu, 7 Julai. Simu

Safari hii simu nimeijaribu kwanza, kabla ya kutundika chochote. WhatsApp ya mama iko kwenye simu yake, na kishikwambi kimeunganishwa kama kifaa cha pili. Kikaita kwenye simu, kishikwambi kimya. Sababu ni kufuli la Fully Kiosk, ambalo huzuia programu nyingine yoyote isijitokeze mbele. Nimelizima. Sasa kinaita, mama anabonyeza kijani, na mazungumzo yakiisha ukurasa unarudi. Tumejaribu mara kumi kwa siku tofauti, mara mbili kukiwa na giza. Simu yenyewe ya mama isikae bila kutumika zaidi ya siku 14, la sivyo kishikwambi kitatolewa kwenye WhatsApp yake.

Jambo moja la usalama: kishikwambi kikikaa kwenye chaji siku zote betri huweza kuvimba. Nimeweka soketi ya Wi-Fi ya Sh 35,000. Home Assistant inaiwasha chaji ikifika asilimia 30 na kuizima ikifika 75. Usiliruke hili.

Seremala wa mtaani ametengeneza fremu ya mninga, Sh 15,000.

Jumamosi, 19 Julai. Hesabu

Raspberry Pi 95,000, memori kadi mbili 40,000, ruta 65,000, kishikwambi 130,000, soketi 35,000, fremu 15,000. Jumla Sh 380,000, zaidi ya mara mbili ya kiasi nilichopanga. Anayeanza leo na ana kompyuta yoyote ya zamani aruke moja kwa moja hadi 29 Juni. Itamgharimu Sh 180,000. Pi-hole nimeibakiza kwa ajili ya simu na televisheni, ambako inafanya kazi nzuri. Umeme wa vyote ni karibu Sh 4,000 kwa mwezi.

Skrini ya zamani nilimwomba mdogo wangu aitoe kwenye akaunti yake. Niliogopa ataumia, ni zawadi yake. Alinijibu kwamba tangu Idi alikuwa anatafuta namna ya kuniambia niing'oe. Imefutwa, iko kwenye boksi.

Imebaki kazi moja: mama anataka kishikwambi kishushwe inchi nne, ili akikaa kwenye kibao cha mbuzi aone picha bila kuinua shingo. Fundi anakuja kesho na drili.